Keki ya kitabu cha shangazi inadidimia katikati, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi niko Iringa mjini. Shangazi yangu marehemu aliwahi kupikia familia moja ya Wamarekani miaka mingi na walipoondoka wakamwachia kijitabu cha mapishi ya chokoleti cha kampuni ya Baker's, cha miaka ya 1930, sasa kiko kwangu. Nimejaribu ile keki ya Devil's Food mara tatu neno kwa neno: unga uliochekechwa vikombe 2, sukari kikombe kimoja na robo, siagi nusu kikombe, mayai 2, chokoleti miraba 3, maziwa yaliyochachuka kikombe 1, soda ya kuokea (baking soda) kijiko kimoja cha chai. Chokoleti ya miraba sina nikaweka chokoleti ya kunywa. Mara zote inapanda vizuri halafu inadidimia katikati kama bakuli, na kingo ngumu. Pembeni mwa kurasa shangazi kaandika kwa penseli vitu kama "s. robo toa" na "maji v.3", nikadhani ni hesabu zake za sokoni. Je vitabu hivi vya zamani vimepitwa na wakati niachane navyo? Halafu mwishoni kabandika kipande cha gazeti cha keki ya German Chocolate, hiyo ni ya Ujerumani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa mayai sita na siagi yote hiyo maana najua bei zilivyo. Usiachane na hicho kitabu. Na hizo penseli za shangazi usizifute hata moja, nitazirudia huko chini kwa sababu nikisoma swali lako naona jibu alishaliandika yeye mwenyewe.

Kwanza uelewe hicho kijitabu ni kitu gani. Baker's ni kampuni ya zamani sana, ilianza 1765 pale Dorchester, Massachusetts, kwenye kinu cha maji kando ya mto Neponset, na jina lake halitokani na waoka mikate, ni la ukoo, Dk. James Baker na baadae mjukuu wake Walter. Kufika miaka ya 1930 ilikuwa imeshanunuliwa na ikawa chini ya General Foods, na makampuni haya yalikuwa yanatoa vijitabu vya mapishi ili akina mama wanunue chokoleti zaidi, hiyo ndo kazi yake, ni tangazo la biashara lakini limepikwa kweli. Walioyaandika walikuwa wataalamu wa sayansi ya jikoni, wanajaribu kila pishi kwenye majiko ya kampuni kabla halijachapwa. Kwa hiyo mapishi ya humo mengi ni mazima kabisa. Tatizo ni kwamba yamejaribiwa kwenye jiko lao, kwa unga wao, yai lao, kikombe chao, tena wengi wao sehemu za chini karibu na usawa wa bahari, na hayo yote hawakuandika kwa sababu mama wa Boston alikuwa anayajua tayari, nani amwambie.

Mimi navikusanya hivi vitabu na kuvipikia hapa Arusha kwa miaka mingi, na nilichojifunza ni hiki, kitabu cha zamani ukisoma namba zake zitilie shaka, lakini ukisoma ishara zake ziamini. Namba ni kikombe, mraba, idadi ya mayai, dakika. Ishara ni pale wanaposema oka mpaka keki iachane na kingo za chombo, pika mpaka tone likitiwa kwenye maji baridi lifanye kidonge laini. Namba zinategemea uko wapi na una nini. Ishara inaangalia chakula chenyewe kwa hiyo inafanya kazi Iringa kama inavyofanya kazi Massachusetts.

Haya tuanze na chokoleti maana hapo ndo ulipoumia zaidi. Mraba mmoja kwenye vitabu vya Baker's vya enzi hizo ni aunsi moja, gramu 28, na ni chokoleti chungu isiyo na sukari hata chembe, kakao na mafuta yake tu. Chokoleti ya kunywa ni sukari kwa sehemu kubwa halafu kakao kidogo. Sasa wewe umeweka sukari ya kitabu yote, na juu yake sukari ya chokoleti ya kunywa, na mafuta ya kakao yamekosekana. Sukari ikizidi inachelewesha keki kushika, yaani unga na yai vinachukua muda mrefu kuganda, wakati huo gesi imeshapanda kileleni haina cha kuishikilia, inaporomoka. Keki ya namna hiyo hata ungeioka usawa wa bahari ingekusumbua.

Badala yake ni rahisi na ni hesabu ya zamani ambayo vitabu vingi vya Marekani wameitumia: kila mraba mmoja weka vijiko 3 vya mezani vya unga wa kakao pamoja na kijiko 1 cha mezani cha mafuta. Miraba yako 3 basi ni vijiko 9 vya kakao, kama gramu 50, na mafuta vijiko 3, kama gramu 40. Mafuta ya mgando yanafaa, na wanaposema shortening ndo hayo hayo, Wamarekani walizoea Crisco tangu 1911 na sisi tuna Kimbo na wenzake, kazi ni moja. Na kama ndugu yako atakuletea Baker's ya leo kutoka Marekani usihesabu vipande, siku hizi wanakata vidogo zaidi kuliko ule mraba wa aunsi moja, pima kwa mizani.

Kakao nayo ziko mbili na hili watu hawaliangalii kabisa. Kuna kakao ya kawaida, ina rangi ya kahawia inayoelekea wekundu na ina uchachu, na kuna iliyotiwa alkali kwa mtindo aliouanzisha Van Houten kule Uholanzi karne ya 19, hiyo ni nyeusi zaidi na uchachu wake umetolewa. Vitabu vya Marekani vya miaka ya 1930 mpaka 1950 kwa kawaida vinadhani una ile ya kawaida, ndo maana wanaweka soda, soda inakutana na uchachu wa kakao na wa maziwa inatoa gesi. Ukitumia iliyotiwa alkali na soda ile ile, sehemu ya soda inabaki haina wa kupambana nae, keki inakuwa na ladha ya sabuni. Geuza pakiti usome viungo, ukiona imeandikwa potassium carbonate au E501 ujue ni ya alkali. Ukipata hiyo tu, punguza soda iwe nusu kijiko na uongeze beking pauda robo tatu ya kijiko cha chai. Lakini we uko Nyanda za Juu Kusini, Kyela wanalima kakao, ukipata mtu anayesaga ya kule bila kutia kitu umepata ile ile aliyokuwa anaidhania mwandishi wa kitabu.

Kikombe. Cha Marekani ni mililita 240. Bilauri au kikombe cha chai cha nyumbani kwetu kinafika 300 na zaidi, na hata cha Kiingereza cha zamani ni 284. Utaniambia mwalimu si nimetumia kikombe kimoja kwa vyote, uwiano si unabaki? Haubaki, kwa sababu unga, sukari na maziwa vinakua pamoja na kikombe lakini mayai yanabaki mawili na kijiko cha soda kinabaki kile kile. Na mayai kama ni ya kienyeji ndo madogo kabisa, mwandishi alikuwa anafikiria yai ambalo likivunjwa lina gramu 50 hivi bila ganda. Vunja, koroga, pima gramu 100, kama ni mayai matatu ya kienyeji sawa, hakuna dhambi.

Unga uliochekechwa hapo pana mtego wa lugha. Wakisema vikombe 2 vya unga uliochekechwa, maana yake unachekecha kwanza NDO unapima, bila kugandamiza, unapata kama gramu 110 kwa kikombe. Ukichota tu kwenye mfuko unapata 140 au zaidi, kwa vikombe viwili umezidisha gramu 60, hiyo peke yake inatosha kufanya kingo zikauke. Unga wenyewe pia, wao kwa keki walikuwa wanapendelea unga laini maalum wa keki, wetu wa madukani umetengenezwa ukae vizuri kwenye chapati na mandazi, una nguvu. Dawa yake kila kikombe toa vijiko 2 vya mezani vya unga na badala yake weka vijiko 2 vya konflawa, ule wanga mweupe wa mahindi wa kukoleza mchuzi, siyo sembe jamani, nimeshaona mtu anaweka sembe.

Maziwa yaliyochachuka usihangaike nayo, mtindi wetu wa kawaida usio na sukari ndo wenyewe. Bibi wa Kimarekani wa 1930 alikuwa na maziwa ya ng'ombe yaliyojichachukia yenyewe na hakutaka kuyamwaga, ndo maana mapishi ya soda na maziwa chachu yamejaa kwenye vitabu vyao. Baadae walipozoea maziwa yaliyochemshwa kiwandani, ambayo yakikaa yanaoza badala ya kuchachuka vizuri, wakaanza kutia kijiko cha siki kwenye kikombe cha maziwa ili kuiga. Sisi hatuna haja ya kuiga.

Sasa nirudi kwa shangazi.

Iringa iko juu, mita 1,500 na zaidi. Mji wa Denver kule Colorado uko mita 1,609, maili moja kamili, yaani wewe na mama wa Denver mnapika karibu kwenye hewa moja. Huko juu hewa ni nyepesi, mgandamizo wake ni mdogo, kwa hiyo gesi ileile ya soda inatanuka zaidi ya ilivyotanuka kwa mwandishi wa kitabu. Vishimo vya hewa ndani ya keki vinavimba haraka, vinapasuka kabla unga haujashika, na keki iliyokuwa imepanda ukaifurahia inazama katikati, ndo hadithi yako kabisa. Pia maji yanachemka mapema, kwenu ni kama nyuzi 95 badala ya 100, unyevu unakimbia haraka, kingo zinakauka, na sukari inayobaki inakuwa nzito zaidi ndani ya mchanganyiko. Kanuni wanayotumia Wamarekani wa milimani kwa urefu huo ni kupunguza kiinua keki kwa sehemu ya nane mpaka robo, kupunguza sukari kwa vijiko vya mezani visivyozidi 2 kwa kila kikombe, kuongeza maji au maziwa vijiko 2 mpaka 4 vya mezani kwa kila kikombe, na kuongeza moto kidogo ili keki ishike mapema.

Sasa soma tena penseli ya shangazi. "S. robo toa". Soda, toa robo. "Maji v.3". Maji, ongeza vijiko vitatu. Yule mama alikuwa anapika keki ya Massachusetts kwenye mlima wa Iringa na akaona inazama, akajaribu na kujaribu mpaka akafika pale pale walipofika wataalamu wa Colorado, bila mizani ya maana na bila mtu wa kumfundisha, na akaandika ili asisahau. Mi niliposoma hapo nilisimama kabisa.

Kwa hiyo keki yako kwa vipimo vya Iringa iwe hivi: unga gramu 190 na konflawa gramu 30, sukari gramu 225, siagi gramu 113 (majarini ya Blue Band inakubali pia), mayai gramu 100, kakao gramu 50 iliyokorogwa na mafuta ya mgando gramu 40 yaliyoyeyushwa, mtindi mililita 240 na maji vijiko 3 vya mezani, soda robo tatu ya kijiko cha chai, chumvi kidogo, vanila. Piga siagi na sukari mpaka ziwe nyeupe, tia mayai kidogo kidogo, kisha mchanganyiko wa kakao ukiwa umepoa, halafu unga na mtindi kwa kupokezana. Usipige sana mwishoni, huku juu hewa nyingi ndani ya mchanganyiko ni adui mwingine.

Moto: vitabu hivi vinasema moderate oven, maana yake moto wa wastani, nyuzi 350 za Fahrenheit ambazo ni 177 za sentigredi. Wakisema slow, yaani moto wa pole, ni kama 150 mpaka 160, hot, yaani moto mkali, ni 200 na kidogo. Wewe weka 185. Kama huna oveni unaoka kwa mkaa, moto juu moto chini, hayo maneno ya wastani na pole yanakufaa zaidi kuliko namba, maana yametoka enzi ambazo oveni nyingi hazikuwa na kipimajoto, mama alikuwa anaweka karatasi nyeupe ndani na kuangalia inabadilika rangi kwa kasi gani. Ijaribu hiyo kwenye sufuria yako ya kuokea, weka kipande cha karatasi dakika tano, kikiwa cha rangi ya dhahabu uko kwenye wastani, kikiwa kahawia nzito punguza mkaa wa chini. Na dakika za kitabu usizisubiri, anza kuangalia dakika tano kabla. Keki ikianza kuachana na kingo, ukibonyeza katikati kwa kidole inarudi, toa.

Kama hutaki kuhatarisha siagi na mayai kabla hujaijua oveni yako vizuri, pika kwanza keki ya uhaba. Marekani sukari ilikuwa kwa mgao kuanzia 1942 mpaka 1947, na Uingereza ndo waliteseka zaidi, peremende na chokoleti zilikuwa kwa mgao mpaka Februari 1953. Kipindi hicho cha shida ilipendwa sana keki wanayoiita wacky cake, haina yai, haina maziwa, haina siagi. Kwa Iringa: unga gramu 190, sukari gramu 175, kakao vijiko 3 vya mezani, soda robo tatu ya kijiko cha chai, chumvi nusu kijiko, unachanganya vikavu ndani ya chombo cha kuokea chenyewe, unatoboa mashimo matatu, moja siki kijiko cha mezani, moja vanila kijiko cha chai, moja mafuta ya kupikia vijiko 5 vya mezani, unamwaga maji mililita 270 juu ya vyote, unakoroga, unaoka dakika 30 hivi. Siki na soda ndo zinainua. Inatoka laini na nyevu kiasi kwamba mi naipika mpaka leo kwa kuipenda tu, tena wanaofunga wasiokula vya mnyama wanaishukuru.

Kitu kingine, humo ndani lazima kuna fudge, ile peremende laini ya chokoleti. Kitabu kitakwambia nyuzi 234 mpaka 240 za Fahrenheit, yaani 112 mpaka 116. Usifuate. Kwa vile maji yako yanachemka kwa nyuzi tano chini, na sukari yako inafika hatua hiyo nyuzi tano chini, 107 mpaka 111. Mimi mwaka wa kwanza na kipimajoto changu kipya niliharibu kilo nzima ya sukari hapa Arusha, ilitoka jiwe, nikawa nalaumu maziwa. Tone kwenye maji baridi ndo limeniokoa, likifanya kidonge laini kinachobonyea kwenye vidole, epua hapo hapo, kipimajoto kiseme kinachotaka. Angalia na ukurasa huo kama shangazi ameandika kitu, nitashangaa kama hakuandika.

Na German Chocolate, hapana, haihusiani na Ujerumani. German ni jina la mtu, Samuel German, aliyeitengenezea kampuni hiyo hiyo ya Baker's chokoleti tamu mwaka 1852, ikauzwa kama German's Sweet Chocolate. Keki ilipata umaarufu zaidi ya miaka mia baadae, pishi lilitumwa na mama mmoja wa Texas likachapwa kwenye gazeti la Dallas Morning News Juni 1957, General Foods wakalisambaza kwenye magazeti nchi nzima na watu wakasahau hata herufi ya mwisho ya jina. Kwa hiyo kipande alichobandika shangazi ni cha 1957 au baada yake, kitabu alikuwa bado anakitumia miaka karibu ishirini au zaidi baada ya kuchapwa. Ukiipika, chokoleti yake ni tamu, siyo chungu, hapo usitumie hesabu ya vijiko vitatu vya kakao, tafuta chokoleti nyeusi tamu ya kula. Ile sosi ya juu ina maziwa ya kopo yasiyo na sukari, viini vya mayai na nazi, na nazi yao ni iliyokaushwa na kutiwa sukari, yetu ikiwa mbichi ina maji, ikaange kavu kwanza kwenye kikaango mpaka inukie. Njugu zao za pekani huku zitakutoa roho kwa bei, korosho zilizokaangwa na kukatwakatwa zinakaa vizuri zaidi kwa ladha yangu.

Nikuombe jambo moja. Penseli inafifia na karatasi za miaka hiyo zinamomonyoka zikishikwashikwa, hasa jikoni kwenye mvuke. Kabla ya keki ya nne, keti na daftari, nakili kila alichoandika shangazi na ukurasa wake, hata pale usipoelewa, hata alama tupu. Piga picha na simu mchana kwenye mwanga wa dirisha. Kitabu usikitie nailoni ya gundi wala selotepu, kifunge kwenye kitambaa cha pamba au bahasha ya karatasi, kiwekwe kabatini mbali na jiko, upikie daftari. Na madoa ya siagi usiyajali, kurasa zenye madoa mengi ndo alizozipika sana, anza na hizo, ukikuta kifupi chochote kilichokushinda kusoma niandikie tuangalie pamoja.